Aliyetufundisha Kuandika Kwenye Kahawa

Jina langu, mara ya kwanza kuliandika maishani, nililiona kwa muda mfupi sana. Niliinua kichwa nijisifu kidogo, na nilipoangalia chini tena kiganja cha Mwalimu kilikuwa kimeshapita. Punje za kahawa zilikuwa zimelala sawasawa, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuandika hapo.

"Mwalimu, hata sijaliangalia!"

"Umeliandika. Kuangalia ni kazi ya wavivu. Andika tena."

Huyo ndiye ninayetaka kusema habari zake. Jina lake sitalitaja, kwa sababu sisi hatukulitumia. Tulimwita Mwalimu. Hata marehemu mumewe alimwita Mwalimu. Na siku mchungaji aliposimama kando ya jeneza akasoma majina yake yote matatu, sisi wazee wa ngumbaru tulitazamana kama watu waliokuja kwenye mazishi ya mtu mwingine.

Mimi sikusoma. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu nilicho nacho nilikitafuta kwa mikono hii, na duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Nkubu halikujengwa na cheti cha mtu. Nilitoka shule mapema nikachunga, nikabeba mizigo, mwisho nikaendesha lori langu mwenyewe la ndizi hadi Embu. Mtu asiyejua kusoma ana njia zake. Mimi wateja wangu wa Embu niliwajua kwa rangi za milango. Siku moja yule wa mlango wa kijani akapaka mlango wake rangi nyeupe. Nilizunguka mji ule na lori limejaa, nikapita mbele ya jina lake lililoandikwa ukutani kwa herufi kubwa kama ng'ombe, huku nikimtukana kwamba amehama bila kuniambia. Ndizi ziliiva zikinitazama. Nilirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja kwa ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, nikakaa na akina mama na wazee wenye mvi, lori limeegeshwa nje kila mtu alione.

Darasa lenyewe lilikuwa kiwanda cha kahawa. Nilipofika nikauliza, "Sasa hii ni shule ama ni kiwanda?"

"Na wewe ni mwanafunzi ama ni mkaguzi?" akaniuliza. "Nawa mikono uje."

Anayejua kahawa anajua kwamba ikishamenywa ganda jekundu na kuoshwa, inatandazwa juu ya vitanda virefu vya wavu ikauke, na lazima igeuzwegeuzwe isije ikavunda. Mbao na chaki za Mwalimu zilikuwa zimeahidiwa tangu zamani na hazikuja. Yeye hakulia wala kuandika malalamiko. Alikwenda kwa meneja akamwambia, "Nina watu wa kukugeuzia kahawa bure, kila alasiri, mradi waigeuze kwa kidole." Meneja alicheka, halafu akakubali. Ndivyo sisi tulivyojifunza. Unasimama kando ya kitanda, unachora herufi kwenye kahawa, kiganja cha Mwalimu kinakuja kinafuta, unachora tena. Jua likipungua tunafunika kahawa kwa nailoni, tunaenda kukamua ng'ombe.

Kuandika kwenye kahawa kuna sheria yake. Ukiinua kidole katikati ya neno, punje zinateremka zinaziba ulipopita, na ukirudi unaharibu hata herufi ya jirani. Kwa hiyo alituambia, "Kidole kisiinuke mpaka neno liishe." Sisi tuna vichwa vigumu. Tuliposhika jambo tulilishika na kucha. Kidole hakikuinuka neno lilipoisha, hakikuinuka hata sentensi ilipoisha. Na zile nukta za juu ya herufi hatukuziweka kabisa, maana nukta kwenye kahawa inamezwa papo hapo. Baadaye tulipopewa kalamu na karatasi, tuliandika vilevile, mstari mmoja kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, kama mzabibu uliotambaa. Mpaka leo ukitaka kujua nani alipita kwa Mwalimu yule, mpe kalamu.

Siku aliyoziona karatasi zetu za kwanza alicheka akashika mbavu. "Mimi niliwaambia neno, nyinyi mkasikia maisha yote!"

Lakini hakutubadilisha. Na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba mama huyu hakuwa mtu wa upande mmoja. Mwandiko wake yeye ulikuwa mzuri ajabu, herufi zimesimama mbalimbali kama miti ya kahawa shambani, kila mmoja na nafasi yake. Nikamuuliza, "Mbona hutufundishi huo wako?"

"Huu ni mwandiko wa mshahara," akasema. "Huo wenu ni wa kwenu."

Alikuwa mkali. Watoto hakuwaweza. Alijaribu kufundisha shule ya msingi akaondoka, akasema watoto wana wakati mwingi wa kupoteza na wanajua hivyo. Watu wazima aliwapenda kwa sababu walikuja wamechoka. Kuna mama mmoja mzee sana aliyeandika jina la mwanawe aliyekufa, akaanza kulia pale pale juu ya kitanda. Mwalimu akamwambia, "Futa machozi, unalowesha kahawa ya watu." Sote tuliona ni moyo wa jiwe. Lakini jina lile hakulifuta. Alikwenda kwenye mfereji akanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu, akanawa, akanawa, na darasa likaisha kabla hajamaliza kunawa. Ndiyo mara ya pekee niliyoona kiganja kile kimeshindwa kazi.

Chai yake aliitia sukari mpaka kijiko kinasimama. Bintiye alipomkaripia alijibu, "Sukari nimeikuta duniani na nitaiacha duniani." Kanisani alikaa nyuma kabisa. Alisema mahubiri yakiwa marefu ni kwa sababu mhubiri hajui pa kuinua kidole.

Mimi na yeye tuligombana mara nyingi, kwa kuwa na mimi nina mdomo. Nilipofungua duka nililipa fundi wa Meru mjini anichoree bango. Mwalimu akaja na fimbo yake, akasimama barabarani, akalitazama.

"Nani aliandika hii?"

"Fundi. Si unaona ilivyo safi?"

"Naona. Naona pia kwamba wewe hupo hapo."

Akaenda zake. Nilikasirika nikashinda nimekasirika. Kisha nikamrudisha fundi afute, nikaandika mwenyewe kwenye karatasi, nikamwambia achore hivyo hivyo, mstari mmoja, bila kuinua. Wageni wakipita huuliza ni lugha gani ile. Bango liko hadi leo. Saruji nauza.

Sasa, kuna desturi tuliyokuwa nayo, ambayo ndiyo inabeba haya yote. Kila mwisho wa msimu wa kahawa, kila aliyefundishwa na Mwalimu alimpelekea karatasi moja. Unaandika lolote. Ng'ombe amezaa. Mvua imekosa. Mke wangu amenisamehe. Jina hukuweka, kwa sababu halikuhitajika. Alizihifadhi kwenye gunia la kahawa, na jioni alitoa moja akaisoma, na si maneno tu aliyosoma. "Huyu aliandika akiwa na njaa," atasema. "Huyu bega linamuuma lakini hajawaambia watu wake. Na huyu ni wewe, Mutwiri, na ulikuwa umemkasirikia mtu. Ona ulivyoichimba karatasi." Kila mara alikuwa sahihi, na kila mara nilikataa.

Kompyuta ilikuja kwetu kupitia chama chetu cha wakulima. Walitaka karatasi zote za zamani ziingizwe kwenye mashine, na wakamleta msichana wa Embu, Wanja, aliyesomea mambo hayo chuoni. Kazi ya mashine yake ilikuwa kutazama picha ya maandishi ya mkono na kuyageuza yawe ya chapa. Nilikuwa pale ofisini. Akaniambia, "Mzee, andika kitu tuijaribu." Nikaandika kwa madaha. Akapiga picha. Akangoja. Akakunja uso.

"Inasema hakuna maandishi."

"Hakuna nini?"

"Hapa. Inaona ni kama... mchoro tu. Laini."

"Mimi ni mchoro?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mtu amelisha familia na kujenga nyumba ya mawe kwa mwandiko huo, halafu kidude cha kioo kinasema hakuna kitu.

Msichana hakuwa mjinga wala hakuwa na dharau, hilo nalisema wazi. Alinieleza vizuri. Mashine haizaliwi inajua. Inaonyeshwa maandishi mengi pamoja na majibu yake, hii ni a, hii ni m, mpaka inazoea. Hiyo yake ilikuwa imeonyeshwa mikono ya watu waliokwenda shule, na ilijifunza kushika ile nafasi kati ya herufi na herufi, kati ya neno na neno. Sisi hatukuwa na nafasi. Haikujua pa kushika.

"Ni nani aliwafundisha kuandika hivi?" akauliza.

Nikampeleka.

"Shikamoo, shosho," Wanja akasema mlangoni.

"Marahaba. Shosho ni wa wajukuu. Mimi ni Mwalimu. Keti."

Alieleza shida yake, na Mwalimu alisikiliza huku ameshika karatasi karibu sana na pua. Hapo ndipo nilipojua. Ile sukari ilikuwa imeingia machoni. Hospitalini walimwambia macho yanakwenda, na kwamba wanaloweza ni kuchelewesha kidogo. Bintiye alikuwa anataka kumhamishia kwake Majimbo, kule Embu, na yeye alikuwa anakataa bila kusema sababu. Siku hiyo alisema.

"Hiyo mashine yako inaweza kusoma kwa sauti?"

"Ikishajua maandishi, Mwalimu, kusoma kwa sauti ni rahisi."

"Basi nitaifundisha. Nikikosa macho, nani atanisomea watu wangu?"

Gunia likamwagwa mezani. Nilikuwa napita pale kila nikifunga duka, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu. Wanja alipiga picha ya karatasi, ikatokea kubwa kwenye kioo. Mwalimu aliisoma, Wanja akachapa. Halafu ikaja kazi yenyewe: Mwalimu aliweka kidole juu ya kioo, akafuata ule mstari wetu, na kila herufi ilipoishia alisimama akasema, "Hapa." Wanja aliweka alama. Kidole kiliendelea. "Hapa. Hapa." Mama yule aliyetufundisha kutoinua kidole sasa alikuwa anaifundisha mashine mahali ambapo tungekiinua.

Mashine ilikosea kama sisi. Aliikaripia kama sisi. "Wewe! Hiyo si n, hiyo ni u! Huyu mtu anaandika u akiwa amechoka, kwani huoni?" Wanja alicheka akasema haisikii. "Itasikia," Mwalimu akasema. "Mutwiri naye alikuwa hasikii."

"Mama, daktari alisema uyapumzishe macho," bintiye alilia kwenye simu.

"Nitayapumzisha yakiisha."

Nikamwambia na mimi, "Mwalimu, unayamaliza haraka bure." Akanigeukia. Alinitazama pembeni kidogo ya uso wangu, kama mtu anayeongea na mwenzako aliyesimama nyuma yako.

"Yanaisha nikiyatumia, yanaisha nisipoyatumia. Afadhali yaishie kwenu."

Basi yaliishia kwetu. Kila wiki mashine ilipata zaidi na yeye alipata kidogo. Kuna wakati niligundua kwamba hasomi tena herufi, anatambua mkono wa mtu kwa ukungu tu, halafu anakumbuka alichoandika. Wanja naye aligundua. Msichana yule alianza kuongeza mwanga wa kioo pole pole kila siku, bila kumwambia.

Siku iliyofaulu, Wanja alikuja na tableti yake hadi dukani, akaielekeza kwenye bango langu. Ikatulia. Kisha ikasoma kwa sauti ya mwanamke jina langu na saruji na mabati na misumari, neno kwa neno. Niliwanunulia soda watu wote waliokuwa pale, hata mshindani wangu wa ng'ambo ya barabara. Na hii mnayoisoma sasa nimeiandika kwa kalamu, kwa mwandiko wangu huo huo wa kahawa, mjukuu akaipiga picha na simu ikaigeuza chapa. Haikukosea ila mahali pawili. Macho ya Mwalimu yamo humo ndani. Ndiyo maana imeweza.

Yeye akahamia Majimbo kabla msimu haujaisha, akiongozwa kwa mkono.

Msimu ulipoisha tuliandika karatasi zetu kama kawaida, wale tuliobaki. Nilizikusanya nikazipeleka mwenyewe kwa pikapu. Nilibeba na ndizi, na kahawa kidogo ya shambani kwangu, bado iko na ganda lake jembamba, bintiye aje kuikaanga.

Nilimkuta sebuleni, amekaa wima kwenye kiti cha mbao, kochi hakulitaka. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa wazi na hayakuwa na kazi. Bintiye akaleta tableti, akapiga picha karatasi ya kwanza, na ile sauti ya mwanamke ikasoma. Ilisoma bila kosa. Mvua ya mwaka huu ilikuja na mawe. Ikasoma ya pili. Nimepata kitukuu, ni msichana. Ya tatu. Mwalimu aliinamisha kichwa akisikiliza, na mimi nilikuwa natabasamu kama mjinga, nikifikiri huu ndio wakati aliokuwa akiusubiri.

Bintiye akaweka yangu.

*Duka liko. Magoti yanauma. Tangu uende Embu hakuna mtu wa kugombana naye.*

"Huyu ni nani?" Mwalimu akauliza.

Nilidhani ananichokoza.

"Nauliza huyu ni nani."

"Mwalimu, ni mimi. Mutwiri."

"Ni wewe?" Aligeuza uso kutafuta sauti yangu. "Na yule wa mvua?"

Bintiye akamwambia. Na wa kitukuu? Akamwambia.

"Sauti ni moja," akasema. "Inawasoma vizuri. Lakini inawasoma mmekuwa mtu mmoja, na huyo mtu haumwi na kitu, hajakasirika, hana njaa. Simjui."

Bintiye akaanza kusema labda Wanja anaweza kubadilisha kitu. Mwalimu akainua mkono.

"Msimwambie Wanja. Msichana wa watu amefanya kazi yake, amemaliza. Nilitaka wasomwe, na wamesomwa. Mimi ndiye sikujua nilichokuwa naomba."

Nimewahi kuzika watoto wawili na sikulia mbele ya watu. Niliinuka nikaenda jikoni nikajifanya natafuta maji. Pale juu ya meza palikuwa na ile kahawa yangu ndani ya mfuko, na uteo, ule ungo wa kupepetea, umening'inia ukutani. Nikauchukua uteo, nikamwaga kahawa, nikaitandaza kwa mkono mpaka ikalala sawa. Nikarudi nao nikauweka juu ya magoti yake.

Aliposikia ile sauti ya punje, vidole vyake vilifunguka.

Niliandika jina langu. Kidole sikukiinua. Kisha nikashika kidole chake nikakiweka mwanzoni mwa mfereji wa herufi, nikakiachia. Kilikwenda chenyewe. Kilipanda, kikashuka, kikazunguka, polepole, mpaka mwisho.

"Mutwiri," akasema. "Bado unabonyeza kama mtu anayepanda viazi. Na magoti ni uongo. Ni mgongo unaokuuma."

Ilikuwa kweli. Ulikuwa mgongo.

Kiganja kikaja, kikapita. Kahawa ikalala. "Andika tena."

Nilikaa sijui cha kuandika. Miaka yote nimemwandikia na sijawahi kuliandika neno lile, kwa sababu karatasi zilikuwa zake na hazikuhitaji kumwita. Nikaandika *Mwalimu*. Nikarudisha kidole chake mwanzoni. Kilifuata taratibu kuliko mara ya kwanza, na kilipofika mwisho kilibaki pale, hakikuinuka.

Nilingoja kiganja. Nilikingoja kama nilivyokingoja nikiwa kijana mwenye lori nje. Hakikuja. Alirudisha mkono kwenye mapaja, akaushika kwa ule mwingine.

"Nenda sasa," akasema. "Barabara ni mbaya jioni."

Nilimwomba bintiye anipe uteo niondoke nao, neno likiwa bado halijafutwa. Nikauweka kwenye kiti cha abiria, nikauzungushia mkanda, nikaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Waliokuwa nyuma walipiga honi, wakanipita wakinitukana. Niliteremka hadi daraja la Thuci bila kugusa breki kwa nguvu, nikapanda zile kona za upande wetu, na kila kona nilinyoosha mkono wa kushoto nikashika ukingo wa uteo usiegemee. Sikuutazama. Niliogopa kuutazama.

Nilipofika Nkubu nikazima gari, nikafungua mlango ule mwingine, nikainama.

Ilikuwa kahawa tu.